Kiti cha Baba Mkubwa

Sosthenes Kikoti ameua watu wengi, na wote walifufuka wakachukua posho zao wakaenda nyumbani. Amewatilia sumu kwenye pombe ya ulanzi, amewasukuma korongoni, na mmoja alimmaliza kwa hirizi iliyoshonwa kwa soksi kuukuu. Ndiyo kazi yake. Kuanzia Mafinga mpaka Tunduma, ukimtaja Mzee Kisirani, jina alilopewa na filamu zake, wapo akina mama watakaosonya hapo hapo. Kuna muuza viazi mmoja pale Iringa mjini alikataa katakata kumuuzia, eti mpaka amrudishie yule mjane nyumba yake. Sosthenes hakukasirika. Alisema mwigizaji asiyechukiwa hajafanya kazi.

Alianza parokiani, kwenye maigizo ya Krismasi. Wenzake waligombea uchungaji na umalaika, yeye akataka kuwa Herode, na alivyokuwa Herode, mtoto mmoja alikimbia kujificha kwenye joho la katekista. Baadaye akawa mwalimu wa shule ya msingi. Akafundisha miaka michache, kisha akaiacha chaki na mshahara wake wa serikali akaingia kwenye kikundi cha maigizo kilichozunguka vijijini kufundisha watu mambo ya vyandarua na vyoo. Walicheza huko Madibira juu ya tela la trekta, mbele ya wakulima waliotoka majarubani na matope yao miguuni. Ukiweza kumzuia asisinzie mtu aliyeinama kwenye mpunga tangu alfajiri, basi umeiva. Sosthenes aliivia huko.

Kisha akaja Bipin. Huyu alikuwa na duka la redio Mwanjelwa, Mbeya, akanunua kamera ya kupigia harusi, harusi zikamchosha, akaamua kutengeneza filamu. Bipin hakuwa na habari ya kuandika maneno ya kusema. Aliwakusanya waigizaji, akawasimulia kisa wakiwa wamesimama, huyu nani, yule nani, nani anamdhulumu nani, halafu akasema, "Haya, maneno toeni wenyewe. Twende!" Na maneno yalitoka. Waigizaji wote wa huku walifanya kazi namna hiyo, na kwa kweli filamu zilinoga, maana watu walisema kama wanavyosema majumbani kwao.

Lakini ulimi hauna mfupa. Mwaka mmoja alifariki baba yake Sosthenes, na kwenye matanga kaka yake mkubwa, Vitus, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo, alisimama mbele ya waombolezaji akatoa yaliyokuwa moyoni. "Baba amekufa na uchungu," alisema. "Alisomesha mwalimu, akapata kichekesho." Watu waliinama. Sosthenes alikula ugali wa msiba, akaaga, akarudi Mbeya.

Majuma mawili baadaye Bipin akamsimamisha mbele ya kamera. Kwenye kisa, kaka amekataa kumgawia mdogo wake shamba la urithi, na mdogo anamlaani. Huyo kaka wa kwenye kisa aliitwa Kondo. Sosthenes akaanza taratibu, akapanda, akafika pale damu inapochemka, na jina lililomtoka halikuwa Kondo.

"Vitus!" alipiga kelele. "Vitus! Ukifa wasikuzike, wakufukie tu!"

Na machozi yakamtoka, ya kweli. Aliyecheza Kondo alibaki mdomo wazi. Sosthenes mwenyewe alijishika kichwa akaomba warudie. Bipin akakataa. "Turudie nini? Hiyo ndiyo filamu bwana," akasema. "Nani anamjua huyo Vitus?"

Nani anamjua! Mgololo nzima ilimjua. Filamu ilionyeshwa kwenye hoteli ya chai karibu na kiwanda, zamu ya mchana imetoka, watu wamejaa na vikombe mkononi. Wakacheka mpaka chai ikamwagika. "Vitus, ndugu yetu, unalaaniwa huko!" Vitus alikuwa amekaa humo humo. Alimlipa mwenye hoteli akatoka. Aliyekuwa anamlaani mbele ya wafanyakazi wenzake ni mtoto ambaye yeye Vitus alimbeba mgongoni mama yao alipokuwa shambani.

Sosthenes alipopiga simu kujieleza, Vitus alimwuliza swali moja tu.

"Huyo kaka wa kwenye hadithi yenu anaitwa nani?"

"Kondo."

"Basi ungekuwa unaigiza, ungemlaani Kondo."

Simu ikakatwa, na undugu ukakatika hapo. Ilikwenda miaka, Sosthenes akapata jina, akacheza jukwaani Iringa na Mbeya, akacheza filamu mpaka vijana wakawa wanapiga naye picha. Nyumba akajenga, Kihesa, Iringa. Kaka hana.

Sasa hebu fikiria balaa lililomkuta mwaka huu. Binti yake Eveline, nesi huko Mbeya, akapata mchumba, Dastan, kijana wa watu wanaouza vipuri Mwanjelwa. Barua ya posa ikaja, ikajibiwa, siku ya kuleta mahari ikapangwa, Jumamosi moja ya mwezi wa saba. Na katika ukoo wa akina Kikoti, baba mzazi hapokei mahari ya mwanawe. Hakai hata mbele. Anajibanza pembeni kimya kama mgeni, na anayekaa kwenye kiti, akawatambulisha ndugu, akapatana na wageni, akamkabidhi binti, ni kaka mkubwa wa baba. Asipokuwepo kaka huyo ilhali yuko hai na mzima, wageni watauliza, na jibu lake ni moja tu: hapa ugomvi umo ndani. Nani anaoa kwenye nyumba ambayo baba mkubwa amesusa? Watasema leo wamemsusia binti, kesho watamsusia na watoto wake.

"Nenda Mgololo," mke wake Apolonia alimwambia. "Nenda kwa miguu yako, usimpigie simu."

Akaenda. Mgololo ilikuwa imefunikwa na ukungu, misonobari ikionekana nusu nusu, na Vitus, aliyekwisha kustaafu, alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni amevaa koti lake la zamani la kiwandani. Sosthenes alipomwona alipiga magoti kwenye majani yenye umande. Alisema yote. Alisema vizuri, jamani, sauti inashuka, inapanda, inakatika mahali pa kukatika. Machozi yakamtiririka, akakishika kiatu cha kaka yake.

Vitus aliegemea shoka akamtazama mpaka mwisho. Kisha akageukia jikoni akamwita mkewe. "Mama, njoo uone. Leo wametuletea nyumbani, hakuna kiingilio."

Sosthenes alihisi uso unamwaka. Na hapo ndipo penye kuumia zaidi, maana moyoni alijua hakudanganya, majuto yalikuwa ya kweli, ila kwa miaka mingi hakuwa na namna nyingine ya kulia isipokuwa ile ya kazini. Alisimama, akajipangusa magoti, akasema kwa kifupi kwamba ni Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne, Kihesa, na kwamba Eveline anamsubiri baba yake mkubwa.

"Nimesikia," Vitus akasema, akainua shoka.

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake yote. Sosthenes akarudi Iringa amenyong'onyea.

"Amekataa," alimwambia Apolonia.

"Amesemaje?"

"Amesema amesikia."

Apolonia akaacha kuchambua maharage. "Sasa si amesikia! Wewe Baba Eveline, umekuwa mgeni kwenu? Lini ulimsikia mzee wa kwenu akisema nitakuja? Baba yako aliwahi kukwambia nitakuja? Mtu mzima anasema nimesikia, siku ikifika unamwona mlangoni."

"Kusikia si kuja."

"Kwenye filamu zenu huko. Hapa ndiyo hivyo."

Lakini huyu bwana amekula mkate wa maneno maisha yake yote. Asipopewa neno hana kitu cha kushika. Usingizi ukampotea. Alimwona Eveline amesimama mbele ya ukoo wa watu na kile kiti kitupu, na kila akimwona hivyo alijiona mwenyewe ndiye aliyekiacha kitupu. Mwisho akafanya jambo ambalo mtu wa kazi nyingine yoyote, mkulima, karani, muuza duka, lisingemjia hata kichwani. Alimpigia simu Anania.

Anania alikuwa rafiki yake wa tangu enzi za lile tela la trekta. Makazi yake Makambako. Kwenye filamu hakuingia kamwe, kwa hiyo sura yake haikujulikana Mwanjelwa, na jukwaani alisifika kwa jambo moja: kucheza wazee. Amekuwa chifu, amekuwa babu, amekuwa jaji. Alipoelezwa alisita kidogo. "Sosi, hii haina pazia," alisema. "Ikiharibika, tunatokea wapi?" Lakini rafiki alikuwa analia kwenye simu, na rafiki ni rafiki. Akauliza tu huyo Vitus anatembeaje.

Apolonia alipoambiwa asubuhi ya Jumamosi, muda wa kubadili kitu umekwisha, alimtazama mumewe kuanzia juu mpaka chini. "Mtu mzima hovyo," akasema, akaenda kwenye masufuria. Eveline hakuambiwa. Alikuwa chumbani na shangazi zake anavalishwa kitenge, na binti haruhusiwi kutoka mpaka aitwe.

Wageni kutoka Mbeya walifika na makoti yao, wamejaza magari mawili, msemaji wao mzee mmoja mnene mchangamfu aitwaye Mwaipaja. Chai ya tangawizi ikapita. Anania alikuwa kwenye kiti, kofia magotini, mkongojo pembeni, na kusema kweli alipendeza. Alikohoa kizee. Akawakaribisha wageni akijiita Vitus Kikoti, fundi mstaafu wa Mgololo, akawapa pole ya baridi, akatania kwamba Wanyakyusa wakija kuchukua binti huwa wanakuja wengi ili mmoja akitoroka wengine wabaki rehani. Watu walicheka. Kwenye kona yake karibu na kabati, Sosthenes alianza kupumua.

Ndipo mlango ukabishwa.

Aliingia mzee amevaa suti ya kijivu iliyokunjwa miaka mingi sandukuni, mkononi kuku jogoo amefungwa miguu. Alikuwa Vitus mwenyewe. Vumbi la safari lilikuwa bado kwenye viatu vyake. Alisimama kizingitini akapitisha macho sebuleni: wageni, vikombe, mdogo wake pembeni ya kabati, na mtu asiyemjua kwenye kiti chake.

Na Anania, maskini, alikuwa katikati ya sentensi. "... ndiyo maana mimi, Vitus, kama baba mkubwa wa binti..." Aliyaona macho ya Sosthenes, akaelewa, sauti ikafifia.

Sosthenes alitamani ardhi ipasuke. Alingoja kaka yake afoke. Ilikuwa haki yake kufoka. Angeweza kusema neno moja tu, na posa ingefia pale pale.

"Karibu mzee," Mwaipaja akamwambia, maana hakuna aliyekuwa anamkaribisha. "Na wewe ni nani katika nyumba hii?"

Vitus akamwangalia Sosthenes, kisha mlango wa chumba alikokuwa binti, ambako vicheko vya shangazi vilisikika.

"Mimi ni jirani," akasema. "Nimesikia kuna shughuli, nikasema nisipitwe."

Akamkabidhi mtu jogoo wake, akakaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, na magoti ameyabana kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo.

Jamani! Sosthenes ameigiza kufa, ameigiza kichaa, lakini hakuwahi kukaa kwenye jambo gumu kama lile. Kaka yake, mtu aliyesema maigizo si kazi, mtu ambaye hakuwahi kuuficha ukweli hata msibani, alikuwa amekaa kwenye benchi la majirani anamwigizia yeye. Na shughuli ikaendelea. Anania alijikaza, jasho linamtoka kwenye baridi ya mwezi wa saba. Kila aliposema "sisi akina Kikoti," Vitus aliangalia sakafu.

Wageni wakaomba binti aitwe, aulizwe kama anawafahamu. Ndiyo desturi, na Sosthenes alikuwa ameisahau kabisa.

Eveline akatoka na shangazi zake nyuma, kichwa ameinamisha. Shangazi mkubwa akamnong'oneza, "Anza na baba mkubwa." Eveline akainua macho amtafute. Alipita mbele ya kiti. Alimpita Anania kama anavyopitwa mgeni yeyote, kwa kuinama kidogo tu kwa adabu, akaenda mpaka kwenye benchi la mwisho, akapiga magoti mbele ya yule mzee wa suti ya kijivu mwenye uso ule ule wa baba yake.

"Shikamoo, baba mkubwa," akasema. "Nilijua utakuja."

Vitus aliweka mkono juu ya kichwa cha binti. "Marahaba," akasema. Hakuweza kusema kwamba ni jirani.

Mwaipaja akaweka kikombe chini. Uchangamfu wote ulimtoka. "Samahani," akasema. "Mimi nimekuja na ukoo wangu kutoka Mbeya. Nahesabu baba wakubwa wawili humu, na wote hawasalimiani. Mnatufanya nini?"

Baba mzazi haruhusiwi kusema, lakini Sosthenes alisimama. Alifungua mdomo akitegemea ile sauti yake ije, ile iliyojaza viwanja vya shule na kumbi za parokia. Haikuja. Kilichotoka kilikuwa kisauti chembamba kilichokwaruza, na hata Apolonia aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia hakuwa amewahi kukisikia.

"Huyo ndiye kaka yangu," alisema. "Huyu wa kwenye kiti anaitwa Anania, ni rafiki yangu, mwigizaji. Nilimleta mimi. Nilimkosea kaka yangu zamani, nikadhani hatakuja. Binti hajui lolote. Nihukumiwe mimi."

Mikono haikujua ikae wapi. Akaketi.

Wageni wakatoka nje kushauriana. Waliobaki ndani walisikia sauti zao uani, zinapanda kwa Kinyakyusa, na sauti moja ya mama ikisema kwa Kiswahili kabisa ili isikike, "Turudi kwetu! Watu gani hawa?" Eveline alikuwa bado amepiga magoti, sasa analia, kitenge kinalowa. Vitus alimshika bega akamwambia anyamaze. Sosthenes hakusogea. Alijua kwamba wakiondoka, mwanawe hatamwambia neno baya hata moja, na kwamba hilo ndilo litakalomuua.

Waliporudi hawakukaa.

"Kwetu," Mwaipaja akasema, "mtu akikuwekea mzee wa bandia, unachukua mzigo wako unaondoka. Hata huko nje wenzangu walishachukua funguo za magari." Akamgeukia Vitus. "Lakini mimi nimewauliza jambo. Huyu mzee ametoka kwake na jogoo wake, kafika nyumbani kwa damu yake akakuta kiti kimechukuliwa. Angesema neno, angewaumbua wote. Akakubali kuitwa jirani ili mtoto asiaibike. Nikawauliza, nani kwetu angeweza? Wakanyamaza." Akavuta kiti chake cha plastiki. "Ukoo wenye mtu wa namna hiyo tunautaka. Faini ipo, na ni kubwa, tutaitaja. Ila hatuzungumzi na mtu mwingine. Tunazungumza na yeye."

Anania hakusubiri kuambiwa. Aliinuka haraka akausahau mkongojo, kisha akakipangusa kiti kwa kofia yake.

Vitus alitembea polepole kutoka mlangoni. Akakaa. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, hana utani, hana kikohozi, na kwa kulinganisha na Anania ungesema hakufaa hata kidogo kuwa mzee wa jukwaani. Akaanza kutambulisha ndugu, maana ndivyo inavyotakiwa: mwenye kiti hutaja mtu mmoja mmoja, naye hutamka ni nani kwao, na asiyetajwa si wa ukoo. Akawataja shangazi. Akamtaja Apolonia, akasema huyu ni mke wetu, amelea vizuri. Akamtaja Anania naye, akasema huyu ni rafiki wa nyumba hii, na watu wakacheka kidogo kwa woga.

Alibaki mmoja. Sebule nzima iliangalia kabati, na Sosthenes aliangalia vidole vyake.

"Na yule pale," Vitus akasema, "ni Sosthenes. Tumezaliwa tumbo moja. Ni mdogo wangu."

Sosthenes alijifunika uso kwa koti. Alilia vibaya, kwa kukoroma, bila mpangilio, mabega yanaruka, na Apolonia akaja akasimama mbele yake na sinia lake ili wageni wasimwone.

"Haya," Vitus akasema, akiwageukia watu wa Mbeya. "Tuambieni sasa mmefuata nini."